Tarehe ya Upatanisho

Karani Mukalay anakula karanga juu ya ndoa za watu.
Maganda yanaangukia majina, anayapuliza,
kisha ananiuliza langu.
Mujinga, namwambia. Anacheka kidogo; wote hucheka.
Kiswahili cha vitabu kinanitukana,
lakini kwa lugha ya baba yangu
ni mtoto aliyetoka na kamba ya kitovu shingoni.
"Unatafuta mwaka gani?"
Themanini na sita.
"Huo ulikuwa mwaka wa Zaire," anasema,
kama muuza duka anayesema: bidhaa hiyo haiji tena.

Mkobani nina ombi langu la talaka, kurasa mbili,
limepigwa chapa na kijana wa karibu na Posta
aliyeandika "mume" mara kumi na moja, akakosea mara tatu.
Lakini kwanza nataka la mama.

Mama alikuwa akisema, akisonga bukari:
"Mimi niliachana na baba yako kwa karatasi, si kwa kelele."
Alisema hivyo miaka thelathini, na hakuna aliyeomba kuiona.
Simshuku. Hata kaburini simshuku.
Nataka tu kuona alivyoanza sentensi ya kwanza,
maana yangu imenishinda siku tisa.

Chumba cha nyuma. Rejista zimelala chali.
Kesi za sabini na tisa mchwa wamezihukumu, bila rufaa.
Mvua imeingia kwa Kapend na mkewe,
wino wa majina yao umerudiana.
Vumbi la Lubumbashi ni jekundu hata gizani,
nalisikia kwenye meno.

Namba 214.
Musau, muuza samaki wakavu, soko la Kenya, ng'ambo ya reli,
dhidi ya Kisimba, mfanyakazi wa tanuru.
Sababu, kwa mwandiko wa karani fulani:
*Anasema mume hampigi.
Anasema mume hasemi naye.
Anasema amechoka kuishi na mlango.*
Chini yake, dole gumba.
Mama alijua kuandika.
Labda mikono ilikuwa na mafuta ya samaki.
Labda hawakumuuliza.

Upatanisho mbele ya hakimu:
tarehe ishirini na tatu Septemba, saa tatu asubuhi.
Safu inayofuata: *Mwombaji hakufika.*
Safu ya hukumu ni nyeupe.

Mukalay anaacha kutafuna.
"Basi hawakuachana," anasema. "Faili lilifungwa."
Simjibu. Tarehe ile naijua,
iko kwenye kadi yangu ya mpiga kura.
Na saa naijua: mkunga alitusimulia mpaka tukachoka
jinsi nilivyotoka wa buluu,
kamba imenizunguka, akaifungua kwa kidole,
na jinsi mama, kabla hajauliza kama ni mvulana au msichana,
aliuliza ni saa ngapi.
Akauliza tena.
Tulikuwa tukicheka sana hapo.

Kamba zilikuwa mbili.
Mkunga alifungua moja.

Baadaye alihama tu, mimi mgongoni, kapu la samaki kichwani.
Safu ya mwisho akaijaza kwa mdomo
kila jioni, mbele ya sufuria.

"Nakala siwezi kukupa," Mukalay anasema,
"nakala ni ya hukumu."
Nakala ninayo tayari.
Nalitoa ombi langu, nafuta mistari minne ya juu,
naandika pembeni, herufi zinapanda mlima:
*Nimechoka kuishi na mlango.*
Anasoma. Ananitazama. Anatazama rejista.
Haniulizi.

Anahesabu siku kwenye kalenda ya kampuni ya bia,
ya mwaka jana, kwa hiyo anahesabu mara mbili.
"Jumanne, tarehe kumi na tano, saa tatu. Utafika?"
Nitafika.
"Wote husema hivyo," anasema, lakini polepole,
na kabla ya kuifunga 214
anaokota ganda la karanga kwenye jina la mama,
halipulizi.

Kisha ananisogezea kisahani cha wino wa dole.

Ninaomba kalamu.